Ghali Si Azizi: Funzo la Neno Moja la Kichina

Wahenga walinena kwamba elimu haina mwisho. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi tangu nilipoamua, nikiwa nimeupita umri wa miaka arobaini na shahada ya uzamifu ikiwa kabatini, kurudi darasani na kuketi pamoja na vijana wa rika la wanafunzi wangu ili nijifunze Kichina. Mchana mimi ni mhadhiri wa isimu ninayesahihisha makosa ya wengine. Jioni, mara mbili kwa juma, mimi ndiye ninayesahihishwa. Si jambo la kuonea haya. Anayefundisha lugha na asionje tena uchungu wa kuwa mwanafunzi husahau upesi kazi yake ni ipi.

Kichina si kigeni tena nchini mwetu. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, ilifunguliwa mwaka 2005. Tangu hapo vijana wengi wamepitia madarasa ya lugha hiyo, na reli ya kisasa iliyozinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 iliwazidishia hamu. Ukiwauliza wanachokitafuta, wengi watakujibu bila kusita: kazi, ufadhili wa masomo, au biashara. Siwalaumu. Ndiyo maana sentensi mbili ambazo kila anayeanza huzishika kabla ya nyingine ni za sokoni. Ya kwanza ni *duoshao qian*, yaani, shilingi ngapi? Ya pili ni *tai gui le*, yaani, ghali mno! Kwa sentensi hizo mbili mtu anaweza kuzunguka soko zima la Guangzhou na kurudi na mzigo wake.

Lakini leo sitaki kuzungumzia sokoni. Nataka kuzungumzia neno moja la ngazi ya juu, neno ambalo mwanafunzi hukutana nalo baada ya miaka kadhaa ya kuhangaika, na ambalo lilinijia katika juma nililokuwa na haja nalo kuliko nilivyojua. Neno lenyewe ni *guizhong*. Kamusi husema maana yake ni "-a thamani", na hutumika hasa kuelezea vitu: vito, saa, nyaraka, zawadi, kila mali ambayo mwenyewe hawezi kuiacha ovyo. Katika hoteli na vituo vya garimoshi vya Uchina utaona matangazo yanayowaonya wasafiri wachunge *guizhong wupin* zao, yaani, vitu vyao vya thamani.

Nikiri kwamba siku ya kwanza nililiharibu. Kichina ni lugha ya toni, na silabi *gui* katika neno hili hutamkwa kwa toni ya nne, sauti ikishuka ghafla kama mtu anayetoa amri. Mimi niliitamka kwa toni ya kwanza, iliyo juu na tambarare. Darasa likaangua kicheko. Badala ya kusema kitu cha thamani, nilikuwa nimetaja kobe. Mwalimu wetu, bibi wa makamo mwenye subira nyingi, alitabasamu akasema nisijali, kwani kobe naye ana historia yake. Wakati huo sikumwelewa.

Hebu sasa tulipasue neno hili tuone kilichomo ndani. Sehemu ya kwanza, *gui*, ni ile ile ya sokoni yenye maana ya ghali. Hata hivyo ina maana nyingine pia, ile ya utukufu. Mchina anayemwuliza mgeni jina la ukoo wake kwa adabu husema *nin guixing*, ambayo tungeweza kuifasiri kwa adabu yetu wenyewe: jina lako tukufu ni nani? Sehemu ya pili, *zhong*, maana yake ni zito. Basi kitu kilicho *guizhong* ni kitu ghali na kizito kwa pamoja, na uzito wenyewe si wa kupimwa kwa kilo. Mswahili hahitaji kufafanuliwa hilo. Nasi husema fulani ni mtu mzito, kwamba neno hili ni zito, kwamba jambo lile lina uzito wake. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimefikia tamathali moja: kile tunachokiheshimu kinatulemea mkononi.

Tazama basi kinachotokea silabi hiyo moja inapoongezwa. Mnunuzi akiambiwa bei hujibu *tai gui le*, ghali mno, na maana yake ni punguza, ama sivyo naondoka. Lakini mtu akiletewa zawadi kubwa kuliko alivyotarajia, husema *tai guizhong le*, kisha huisukuma zawadi hiyo kwa mikono miwili irudi kwa mwenyewe. Hapo hakatai bei. Anasema kwamba kitu hiki ni cha heshima kubwa kuliko anavyostahili. Sentensi ya kwanza inateremsha kitu, na ya pili inakipandisha. Tofauti ni silabi moja tu, nayo ni silabi ya uzito.

Neno hili lina ndugu zake, na mwanafunzi hujaribiwa kuwatofautisha hadi kichwa kimwume. Kuna *anggui*, yenye kuhusu bei ya juu tu. Kuna *minggui*, inayohusu vitu adimu vyenye sifa na jina, kama dawa za asili zinazotafutwa kwa udi na uvumba. Kuna *zhengui*, ya vitu vinavyoenziwa kwa sababu havina mfano, kama mabaki ya kale. Kuna *baogui*, ya mambo yasiyoshikika: wakati, uzoefu, maisha yenyewe. Ukisema wakati wako ni *guizhong*, mwalimu atakusahihisha, kwa kuwa wakati hauwekwi sandukuni. Maneno matano, na yote yana *gui* ndani yake, lakini kila moja lina mahali pake.

Nilipotazama jinsi *gui* inavyoandikwa nilishangaa zaidi. Sehemu ya chini ya alama hiyo ni mchoro wa kauri, kombe dogo la baharini. Si hapo tu. Mchoro huo huo umo katika alama za mali, bidhaa, gharama, zawadi, hata umaskini na mwizi. Sababu yake iko ardhini. Mwaka 1976 wanaakiolojia wa Uchina walifukua karibu na mji wa Anyang kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme na jemadari wa jeshi, aliyezikwa yapata miaka 1200 kabla ya Kristo. Miongoni mwa vito na shaba alizozikwa nazo mlikuwa na kauri zaidi ya 6,000. Katika zama hizo kauri ilikuwa mali, na waandishi walipotaka kuchora wazo la thamani, walichora kauri. Mwanazuoni Xu Shen, aliyetunga kamusi mashuhuri ya alama za Kichina yapata mwaka 100 baada ya Kristo, alieleza kwamba watu wa kale walifanya biashara kwa kauri na kulithamini gamba la kobe, hadi watawala wa Qin walipoziondoa kauri na kuweka sarafu. Kumbe kobe wangu wa darasani hakuwa mbali na hazina hata kidogo!

Jina la kombe hilo kwa Kichina ni *bei*. Najua msomaji ameshaanza kutabasamu, nami namwomba asikimbie mbio za sakafuni. Bei yetu ya dukani haikutoka Uchina; imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kuuza. Mfanano huu ni sadfa tupu, na historia za maneno zinazojengwa juu ya sadfa ni nyumba za mchanga.

Lakini yapo mambo yasiyo sadfa, nayo yako kwetu pwani. Tunaliita kombe hilo kauri, neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi, na aina ndogo tunaiita kete, jina ambalo wacheza bao wanalijua vyema. Kauri za pwani yetu zilisafiri kwa misafara hadi Buganda, na hadi leo Waganda huita fedha *ensimbi*, neno lililokuwa jina la kauri hizo. Zaidi ya hayo, Kiswahili kimelifanya neno kauri kubeba maana ya pili: udongo ule mweupe unaong'aa wa vyombo vilivyoletwa kutoka Uchina. Bakuli la kauri. Sahani ya kauri. Vyombo hivyo viliwekwa katika zidaka za kuta za nyumba za Lamu, na huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi, vilipachikwa katika nguzo ya kaburi ili kumtukuza marehemu. Mtu hapachiki kaburini kitu ambacho kwake ni ghali tu.

Wala Wachina hawakuwa wageni kabisa wa pwani hiyo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle, akapokewa kama mnyama wa baraka. Merikebu za jemadari Zheng He, aliyefanya safari zake kati ya mwaka 1405 na 1433, ziliitwa *baochuan*, yaani, merikebu za hazina. Mwaka 2010 watafiti waliochimbua Mambrui walipata sarafu ya mfalme huyo huyo yenye tundu la mraba katikati, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba nyingine imepatikana kisiwani Manda. Juu yake pameandikwa *Yongle tongbao*. *Tongbao* ni hazina ipitayo mikononi mwa watu. Neno *bao*, hazina, lilipoandikwa kwa namna ya kale lilikuwa na paa la nyumba, na chini ya paa hilo jiwe la jade na kauri. Katika marekebisho ya maandishi yaliyotangazwa mwaka 1956 kauri iliondolewa, likabaki jiwe chini ya paa.

Sasa nieleze kwa nini neno hili lilinigusa kuliko mengine. Juma lile lile tulilofundishwa *guizhong*, mimi na ndugu zangu tulikuwa tukiandika orodha ya mali aliyoiacha marehemu mama yetu. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tulitaka kufanya mambo kwa utaratibu. Katika ofisi tuliyokwenda, tulipewa fomu ya Kiingereza, na karani akatufasiria: "Andikeni hapa vitu vya thamani, na hapa bei ya kila kimoja." Tukaandika kiwanja. Tukaandika cherehani. Tukaandika mkufu wa dhahabu na bangili mbili. Kisha tukafika kwenye bakuli.

Ni bakuli la kauri, jeupe lenye maua ya buluu, lililokuwa katika kidaka cha nyumba ya bibi yetu kabla ya kumfikia mama. Lina ufa uliopita katikati ya maua. Mama alilitumia mara mbili tu kwa mwaka, siku za Idi, na sisi watoto hatukuruhusiwa kulisogelea. Dada yangu mkubwa akasema liandikwe. Kaka akauliza liandikwe kwa bei gani, ilhali limepasuka. Karani, ambaye sina ugomvi naye kwa kuwa alikuwa akifanya kazi yake, alilitazama akasema: "Mwalimu, hili weka sifuri, au liache tu. Halina thamani."

Nilifungua kinywa nimjibu, na neno halikuja. Mimi, daktari wa isimu, mlezi wa wanafunzi wanaotafiti msamiati wa Kiswahili, nilisimama mbele ya meza ya karani nikiwa na neno la Kichina ulimini na bila la Kiswahili. Nilichoweza kusema ni kwamba lina thamani kwetu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kiasi gani?"

Usiku huo sikulala. Si kwa sababu ya bakuli, bali kwa sababu nilijua kwamba Kiswahili hakikuwa kimeninyima neno. Mimi ndiye niliyelisahau. Nilichukua karatasi nikaanza kuandika. Ghali ni kile chenye bei kubwa. Adimu ni kile kisichopatikana kwa urahisi. Azizi ni kile kinachopendwa na kuheshimiwa. Tunu ni kitu cha nadra kinachotolewa kwa mapenzi. Hidaya ni kile kinachopelekwa kwa mtu kwa heshima. Amana ni kile ulichowekewa, si chako kukiuza. Turathi ni kile kilichopokewa kutoka kwa waliotangulia. Dafina ni hazina iliyozikwa. Shani ni kitu cha ajabu kisicho cha kila siku. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Tulihangaishwa na maneno matano ya Kichina, kumbe nilikuwa nimeyakalia tisa ya kwetu!

Bakuli la mama si ghali. Ni azizi, ni tunu, ni turathi. Laiti ningemwambia karani neno mojawapo kati ya hayo, asingeuliza kiasi gani, kwa maana maneno hayo hayana kiasi.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Katika magazeti yetu, redioni, na katika fomu chache zilizotafsiriwa, maneno haya yote yamemezwa na mawili: "ghali" na "-a thamani". Na hilo la pili nalo linazidi kudidimia hadi kumaanisha bei tu. Rafiki ana thamani, ardhi ina thamani, simu ina thamani, mzee ana thamani. Neno linalobeba kila kitu mwishowe halibebi chochote.

Kama mwanaisimu sina budi kuwa mwangalifu. Mtu kukosa neno si dalili ya kukosa hisia. Dada yangu alijua bakuli ni nini bila kamusi. Wala Wachina hawakuwa watakatifu kwa kuwa na maneno matano. Wamo wanaoijua bei ya kila kitu, kama walivyo kwetu. Lugha haimfungi mtu macho. Lakini inampa au kumnyima silaha anapolazimika kutetea jambo mbele ya mwingine, kwenye meza ya karani, barazani, au mahakamani. Asiye na neno hushindwa hata anapokuwa na haki.

Wala hasara hii si ya nyumba yangu peke yake. Wamijikenda husimika vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, kwa ajili ya wazee wao waliofariki. Vigango havihamishwi wala haviuzwi. Hata hivyo vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo kama mapambo ya nyumba. Mwaka 2007 vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kutoka familia moja vilirudishwa kutoka Marekani. Aliyeviiba alijua ni ghali. Waliovisimika walijua ni azizi. Mtu akiyachukulia maneno hayo mawili kuwa sawa, atauliza kwa nini familia isipewe fedha mambo yakaisha.

Kuna atakayesema kwamba haya ni ya watu walioshiba. Kwamba neno azizi halinunui unga. Ni kweli halinunui. Lakini mtu huyo huyo akitakiwa kuuza shamba alilozikwa baba yake, huona ugumu anaoshindwa kuueleza, na mnunuzi hufaidika kwa kimya chake.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusiache kujifunza lugha za watu. Nisingeyakumbuka maneno yangu kama nisingefunzwa na ya wengine. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Pili, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo fomu za umma zinazomwuliza mwananchi mambo ya urithi wake hazina udhuru wa kumwuliza kwa Kiingereza pekee. Na zikitafsiriwa, zifanyiwe kazi na watu wanaojua tofauti ya mali, amana na turathi. Tatu, walimu wenzangu tuache kuwafundisha wanafunzi visawe kana kwamba ni maneno yanayolingana sawasawa. Hakuna maneno mawili yaliyo sawa kabisa. Mwanafunzi anayeandika kwamba azizi ni kisawe cha ghali asipewe alama. Aulizwe kama mama yake ni ghali. Nne, mzazi anayempeleka mtoto wake kujifunza Kichina ahakikishe kwamba mtoto huyo ana Kiswahili cha kutosha cha kukitafsiria. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Juma lililofuata nilirudi darasani, nikamweleza mwalimu kisa cha bakuli. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza Waswahili huliitaje bakuli la namna ile. Nikamjibu: la kauri, na kauri ni lile kombe la baharini. Alinyamaza kidogo, akaenda ubaoni akaandika tena alama ya *gui*, na kwa chaki akazungushia duara lile kombe la chini.

Bakuli lenyewe liko kwa dada yangu. Kwenye fomu, katika safu ya bei, tuliweka kistari. Pembeni yake niliandika kwa mkono, kwa Kiswahili: "Tunu ya mama. Haiuzwi." Karani alisoma, akanitazama, akagonga muhuri.